KUFUA NA KUTUNZA NGUO ZA HARIRI NA BATIKI ZILIZOCHORWA KWA MKONO

(Mada iliyotolewa na mmoja wa wanachama katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi, Mpanda)



Miaka kumi siyo mchezo. Tulianza mwaka 2015 tukiwa tumekaa kwenye mikeka chini ya mwembe, na leo tumekaa kwenye viti vya kukodi, tena vyenye vitambaa. (Kicheko) Nimepewa dakika ishirini, na Katibu ameshika saa, kwa hiyo sitazunguka.

Nimeambiwa nizungumzie kazi yangu ya kuchora hariri na batiki, na hasa namna ya kufua na kutunza nguo hizo. Wengine mtasema, kufua nako kuna mada? Nguo si inafuliwa tu? Ndugu zangu, mwaka 2019 nguo moja iliyofuliwa ilitaka kukivunja kikundi hiki. Wanachama wa siku nyingi wanaikumbuka habari hiyo. Wapya mmeisikia nusunusu. Mimi ndiye niliyekosa, basi leo niisimulie mwenyewe.

TULIKOTOKA

Kuvaa na kupamba nguo si jambo geni upande wetu huu. Wazee wa Ufipa na bonde la Rukwa walikuwa wakifuma vitambaa vya pamba kwa mikono tangu kabla ya ukoloni. Huko pwani, Wareno walioandika habari za miji ya Waswahili katika karne ya 16 waliitaja Pate kwa nguo zake za hariri. Kwa hiyo mtu akikuambia hariri ni mambo ya Wazungu, mwambie babu zetu waliijua mapema.

Sisi tulianza na batiki ya pamba. Nta hatukuitafuta mbali. Mkoa wetu wa Katavi una misitu ya miombo na una nyuki, na nta ya wafuga nyuki wa Inyonga na vijiji vya jirani ndiyo tuliyoianzia. Tuliichanganya na mishumaa, kwa sababu nta ya nyuki peke yake ni laini, haipasuki, na mishumaa peke yake inapasuka mno. Ukizichanganya unapata ile mistari myembamba kama nyufa ambayo wateja wanaipenda. Rangi, kostiki soda na haidrosalfaiti tuliagiza, vikapanda treni, vikatufikia kwa reli ya kutoka Tabora kupitia Kaliua.

Mwaka 2018 nilikwenda Dar es Salaam kumuuguza dada yangu, na jirani yake alikuwa anachora mitandio ya hariri. Nilimwomba anifundishe, akanifundisha kwa wiki tatu. Nilirudi Mpanda na mita sita za hariri nyeupe na chupa nane za rangi. Nikajiona mtaalamu.

HARIRI NI NINI

Kabla sijaendelea, tuelewane hariri ni kitu gani, maana makosa mengi ya kufua yanatokana na kutoijua.

Pamba ni mmea. Hariri ni mdudu. Kuna kiwavi wa aina ya nondo anayekula majani ya mforosadi. Akishashiba na kukomaa anajizungushia uzi unaotoka kinywani mwake mpaka anajifungia ndani ya kifukofuko. Uzi huo haukatiki. Kifukofuko kimoja kinaweza kutoa uzi wa mita mia kadhaa, na kilicho kizuri hufika kilometa moja. Watu wanavichemsha vifukofuko, wanautafuta mwisho wa uzi, wanaufungua na kuufuma.

Sasa, uzi unaotoka kwa mnyama uko karibu na nywele kuliko pamba. Shikeni hilo moja, mengine yote yatafuata. Je, kuna mama hapa anayeosha nywele za mwanawe kwa jiki? Kuna anayezichemsha? Kuna anayezipiga jiweni? (Kicheko) Basi na hariri ni hivyo hivyo.

Mimi sikulijua hilo. Kipande changu cha kwanza nilikitia kwenye beseni lile lile la batiki, lenye kostiki, tena ya moto. Kwa pamba kostiki haina neno. Kwa hariri ni sumu. Kitambaa kikapoteza mng'ao, na nilipokivuta kikachanika kama karatasi iliyolowa. Mita nzima ikaenda. Nikakifukia uani ili mume wangu asikione.

Neno jingine. Siyo kila kinachong'aa sokoni ni hariri. Satini nyingi tunazouziwa kwa jina la hariri ni nyuzi za kiwandani. Ukitaka kujua, chomoa uzi mmoja kwenye pindo, uuchome kwa kiberiti mbali na nguo. Hariri inanuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake yanasagika kwa kidole. Pamba inanuka kama karatasi. Ile ya kiwandani inayeyuka na kuacha kijitone kigumu. Fanya jaribio hilo kabla ya kulipa, muuzaji akinuna anune.

KOSA LANGU LA MWAKA 2019

Mwaka huo mama mmoja wa hapa mjini, mteja mzuri tu, aliniagiza mitandio sita ya hariri na gauni moja kwa ajili ya sendofu ya binti yake. Rangi aliyoitaka ni buluu iliyoiva, na maua meupe. Nilikopa kwenye sanduku letu shilingi laki tatu, wadhamini wangu wakiwa akina mama wawili ambao wamekaa hapa mbele. Hariri ikaja. Nikachora usiku na mchana.

Rangi za hariri nilizofundishwa hazishiki kwa kukauka tu. Zinashikizwa kwa mvuke. Unaviringisha kitambaa ndani ya karatasi safi isiyo na maandishi, unafunga kifurushi, unakining'iniza au kukiweka juu ya kitu ndani ya sufuria kubwa yenye maji kidogo chini, kisiguse maji wala kuta za sufuria. Juu unafunika kitambaa kizito chini ya mfuniko, ili matone yasidondokee kifurushi. Maji yanachemka, mvuke unaingia kwenye nyuzi, na rangi inazama ndani. Kazi hiyo inataka kati ya saa moja na saa tatu, kutegemea rangi na unene wa kifurushi. Kabla ya mvuke, rangi imekaa juu juu kama vumbi.

Ilikuwa Ijumaa jioni, sendofu kesho yake. Vifurushi vilikuwa vitatu na sufuria langu ni dogo, la kuivisha kimoja kimoja. Mkaa ukaniishia kwenye cha pili. Cha tatu nilikitoa baada ya kama nusu saa. Nilikifungua, nikakiona kinang'aa, kizuri kuliko vyote. Nikajiambia, kimeiva. Ndani ya moyo wangu nilijua hakijaiva.

Sendofu ilifana. Wiki ya pili yule mama akaja nyumbani na mfuko. Mitandio miwili ilikuwa imechuja mpaka maua yamegeuka buluu. Mmoja ulikuwa umefuliwa pamoja na shati jeupe la mumewe, na shati limepata madoa. Aliniuliza kwa upole, "Mwenzangu, hii imekuwaje?"

Nami nikamjibu, "Mama, umefulia jiki."

Akasema hapana, amefulia sabuni ya kuogea na maji baridi. Nikasema basi ni dada wako wa kazi. Akasema dada hakuzigusa. Nikasema basi umeloweka. Kila alilosema nilikuwa na jibu. Aliondoka bila kuaga, na kwa desturi zetu mnajua maana yake.

Habari ikatembea. Ikafika Makanyagio, ikafika Kawajense, ikafika Nsemulwa. Wala haikusema jina langu. Ilisema, "Nguo za wale akina mama wa kikundi zinachuja." Mama mmoja mwenzetu aliyekuwa na oda ya sare za kwaya, batiki ya pamba, kazi safi kabisa, oda ikafutwa. Mwingine akarudishiwa vitambaa vya meza. Mimi nikasimamisha rejesho la mkopo nikidai biashara ni mbaya. Wadhamini wangu wakaanza kulipa kwa ajili yangu. Kwenye kikao watu wakaanza kukaa makundi makundi.

Ndipo Mama Mwenyekiti akauliza swali moja. Akasema, "Una kipande kilichobaki cha kitambaa kile?" Nikasema ninacho, cha kifurushi cha tatu, hakijawahi kufuliwa. Akasema, "Kilete." Akaagiza beseni jeupe na maji ya bomba, matupu, bila sabuni. Akakitumbukiza kile kipande mbele ya wanachama wote, tukakaa kimya.

Maji yakawa buluu.

Hakuna aliyenisema. Ningependa wangenisema. Mama Mwenyekiti alimwaga yale maji, akafungua daftari, tukaendelea na ajenda ya hisa.

Kesho yake nilikwenda kwa yule mama. Nilimwambia ukweli wote, mkaa, usiku, nusu saa. Nilimrudishia fedha kwa awamu tano, pamoja na bei ya shati. Alipokea, akanishukuru. Hajanunua kwangu tena mpaka leo. Ananunua kwa mwenzetu mwingine humu kikundini, na mimi nashukuru hata kwa hilo.

Nimeanza na habari hii, akina mama, kwa sababu kufua kwa uangalifu hakuwezi kuokoa nguo iliyotengenezwa vibaya. Baada ya hapo sasa ndiyo tuje kwenye kufua.

KABLA HUJALOWESHA

Kwanza, pima rangi. Chukua kitambaa cheupe cha pamba, kiloweshe, ukibonyeze kwa dakika moja kwenye upande wa ndani wa pindo. Kikitoka cheupe, endelea. Kikitoka na rangi kidogo, nguo hiyo ifuliwe peke yake, haraka, bila kulala kwenye maji. Kikitoka na rangi nyingi, irudishe kwa aliyekuuzia.

Pili, angalia maji. Sisi tunajua maji yetu. Masika yakiwa ya tope, yaache yatulie usiku kucha, kisha yachuje kwa kitambaa cheupe. Kisima ambacho maji yake yanaacha rangi ya kutu kwenye ndoo, usifulie hariri hata kidogo. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi ni mazuri sana.

Tatu, vumbi na tope. Vumbi letu jekundu wakati wa kiangazi linaingia kila mahali. Usilipanguse kwa kitambaa kilicholowa, utalisukuma ndani ya nyuzi. Kung'uta kwanza. Tope nalo liache likauke, kisha lipukutishe taratibu.

Nne, sabuni. Sabuni ya unga haifai, ni kali kwa hariri. Jiki ndiyo kabisa, inaila hariri yenyewe, siyo rangi tu. Na hapa niseme kwa heshima zote kwa wenzangu wa mradi wa sabuni ya maji: sabuni yetu ni nzuri kwa pamba, kwa sahani na kwa sakafu, lakini ina soda ndani yake. Msimwambie mteja inafaa kwa hariri. Kinachofaa ni shampuu laini ya nywele au sabuni laini ya mtoto iliyoyeyushwa kwanza kwenye maji. Kijiko kimoja cha chai kinatosha kwa beseni. Nimeshasema, hariri ni ndugu wa nywele.

KUFUA KWENYEWE

Vua pete na bangili. Hariri inakwaruzwa na kitu kidogo tu.

Weka maji ya baridi au ya uvuguvugu mdogo, yale ambayo mkono hausikii moto. Koroga shampuu mpaka iyeyuke. Tumbukiza nguo moja tu, iliyogeuzwa nje ndani. Itembeze kwenye maji kama unavyomwogesha mtoto mchanga. Usifikiche. Usipige brashi. Usiloweke ukaenda sokoni. Dakika tatu hadi tano zinatosha.

Pakiwa na doa, usikazane nalo mahali pamoja, utatoa rangi ya hapo na nguo itakuwa na kipara. Doa la mafuta paka shampuu kidogo, bonyeza kwa kidole, suuza. Likikataa, liache. Afadhali nguo yenye kidoa kuliko nguo yenye tundu.

Suuza mara mbili au tatu mpaka maji yawe meupe na povu liishe. Katika maji ya mwisho tia siki nyeupe, kijiko kimoja cha chakula kwa lita tano, kisha suuza tena kwa maji matupu. Siki inaondoa mabaki ya sabuni na kuirudishia hariri mng'ao wake.

Hapa kuna jambo ambalo wengi wetu tumerithi na halina ukweli. Tunasema siki na chumvi vinashikiza rangi. Nami nilimwambia hivyo mteja zaidi ya mmoja. Siyo kweli. Chumvi ina kazi yake wakati wa kutia rangi za pamba za aina fulani, ndani ya beseni la rangi. Nguo ikishatoka kiwandani au kwangu ikiwa rangi haikuingia, hata uiloweke kwenye gunia zima la chumvi ya Uvinza, itachuja tu. (Kicheko)

Usikamue. Rudia na mwenzako: usikamue! Hariri ikilowa inakuwa dhaifu kuliko ikiwa kavu. Itandaze juu ya taulo safi, ikunje pamoja na taulo kama unavyokunja mkeka, bonyeza, fungua. Maji yote yameingia kwenye taulo.

KUANIKA NA KUPIGA PASI

Anika kivulini penye upepo. Jua letu la Septemba ni adui wa rangi na wa hariri yenyewe, inageuka njano. Usianike kwenye waya wenye kutu wala kwenye miba ya uzio, na usitumie vibanio vya kuuma. Tandika khanga kuukuu juu ya kamba kwanza, ndipo uweke mtandio juu yake.

Piga pasi ikiwa na unyevu bado, upande wa ndani. Ikishakauka kabisa usiinyunyizie matone ya maji, maana matone yanaacha alama za duara. Ni bora uiloweshe yote upya. Pasi ya umeme iweke kwenye moto mdogo. Pasi ya mkaa haina kipimo, basi jaribu kwanza kwenye kitambaa cha pamba, na katikati weka kitambaa cheupe. Pia kung'uta majivu nje kabla hujaingia ndani. Cheche moja inatosha kukuliza.

BATIKI YA PAMBA

Batiki ya pamba haina mikogo kama hariri, lakini nayo ina haki zake. Rangi zetu za kostiki na haidrosalfaiti, zikitengenezwa sawasawa, zinashika sana. Rangi inaingia kwenye pamba ikiwa imeyeyuka, kisha ikipigwa na hewa inarudi kuwa rangi isiyoyeyuka na kubaki humo. Inayochuja mara ya kwanza na ya pili ni ile ya juu ambayo fundi hakuisuuza vizuri. Kwa hiyo fua peke yake mara mbili za mwanzo, kwa sabuni ya kawaida ya mche na maji baridi. Usitie jiki. Geuza nje ndani unapoanika.

Ukiona batiki ina sehemu ngumu au zenye mafuta, ni nta iliyobaki. Weka karatasi safi juu na chini, pitisha pasi ya moto, karatasi itanyonya. Badilisha karatasi mpaka zisitoke tena na mafuta.

KUTUNZA

Nguo haiharibiki mvaaji akiwa ameivaa tu. Inaharibikia pia kwenye sanduku.

Usiihifadhi ikiwa na jasho. Jasho linaila hariri polepole, na hasa makwapani. Manukato jipulize kabla ya kuvaa, yakauke, ndipo uvae. Ukirudi kwenye sherehe, itundike usiku kucha ipate hewa, hata kama hutaifua.

Usiifunge kwenye mfuko wa plastiki, hasa masika, itapata ukungu. Ifunge kwenye kitambaa cha pamba kilichofuliwa. Sanduku la bati liweke juu ya matofali, maana mchwa wa kwetu hawahitaji mwaliko. Naftalini zifunge kwenye kitambaa chake, zisigusane na hariri. Kila baada ya miezi michache itoe, ipunge hewa, uikunje kwa mikunjo mipya. Ikikunjwa pale pale miaka mitatu, itakatika pale pale. Mtandio ni afadhali kuuviringisha kuliko kuukunja.

NENO KWA WANAOUZA

Sasa nirudi kwetu sisi watengenezaji. Baada ya kikao kile cha beseni, kikundi kiliweka utaratibu, na mimi nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kuunga hoja. Kila toleo la nguo linakatwa kipande, kinatumbukizwa kwenye beseni jeupe siku ya kikao, mbele ya watu. Maji yakibadilika rangi, nguo haziuzwi. Zinarudi kwenye mvuke au kwenye kusuuzwa. Tangu hapo yamebadilika mara nne kwa wanachama mbalimbali, na mara moja kwangu tena. Niliona aibu, nikarudi nyumbani nikarudia.

La pili, aliyenunua siyo lazima awe ndiye anayefua. Anayefua ni dada wa kazi, au dobi, au binti aliyerudi shule likizo. Ukimweleza mama mwenye nguo, maelezo yanaishia sebuleni. Kwa hiyo tumekuwa tukibandika kikaratasi chenye maneno machache ya Kiswahili na michoro: beseni, jua lililokatwa mstari, mkono unaokamua uliokatwa mstari. Asiyejua kusoma naye anaelewa. Wageni wanaokuja mbuga ya Katavi wakinunua, nao wanaelewa.

La tatu, mteja akirudi na nguo, kabla hujafungua mdomo, fungua bomba. Beseni na maji viseme kwanza. Inawezekana kweli alitia jiki. Inawezekana ni wewe. Mimi nilipoteza mteja kwa sababu ya kujibu haraka, na wenzangu walipoteza oda ambazo hawakuwa na kosa nazo. Hisa zangu kwenye sanduku zilikuwa zangu, lakini jina lile lilikuwa la wote.

MWISHO

Ndugu Mgeni Rasmi, Mama Mwenyekiti, nisiondoke mikono mitupu. Nina ombi moja kwa kikundi. Tuna watu watano sasa wanaochora hariri, na kila mmoja ana sufuria dogo na mkaa wa kuhesabu. Siku ikifika usiku na oda ni ya kesho, shetani atamwambia yeyote kati yao yale aliyoniambia mimi, kwamba imeiva. Naomba katika mzunguko ujao, kabla ya kugawana, tutenge fedha za kununua sufuria moja kubwa lenye mfuniko mzito, likae kwa Mama Mweka Hazina, kila mchoraji alipie kidogo anapolitumia. Hesabu nimeziandika, nimempa Katibu. Bei yake haifiki hata mkopo ule nilioshindwa kuurejesha kwa wakati.

Kwa wadhamini wangu wawili wa mwaka 2019: deni lenu lilikwisha mwaka 2020, lakini sikuwahi kusema asante mbele ya watu. Leo nasema. Ahsanteni sana, mama zangu.

Na lile beseni jeupe lipo pale mlangoni, pembeni ya meza ya nguo. Atakayenunua leo, ajaribu kwanza.

Naomba kuwasilisha. (Makofi)